Kadi za Mwende

Majuzi nilimkuta binti yangu na wenzake wakicheza mchezo wa hadithi. Kila mmoja alikuwa shujaa au mchawi, na kadi za taroti, zile za kupigia ramli, ndizo zilizoamua yatakayowapata. Nikamkumbuka binamu yangu Mwende, aliyeishi kwetu Kitengela nikiwa mdogo.

Yeye pia alikuwa na kadi kama hizo; alizikuta ndani ya mkoba wa mtumba, na zilinuka dawa ya nondo. Alasiri moja, mama akiwa kanisani, tuliketi sakafuni huku nyundo za timboni zikigonga mawe kwa mbali.

"Wewe ni malkia," Mwende aliniambia. "Vuta kadi tuone safari yako."

Nilivuta kadi yenye picha ya mifupa ya mtu iliyopanda farasi, nikaanza kulia. Nilidhani nitakufa.

"Wacha kulia. Hiyo inasema tu mtu anahama, anaenda nchi ingine."

"Na wewe utakuja?"

"Mimi ni shujaa, niko na farasi. Nitakufuata pole pole."

Kabla hatujamaliza, baba yake alibisha mlangoni. Alikuwa ametoka kwao Entarara kumchukua. Mwende alisimama bila kuuliza kitu, akatoa begi lake chini ya kitanda, tayari limefungwa.

Niliamini kadi zimekosea, zikamhamisha yeye badala yangu. Leo najua mama yake alikuwa mgonjwa, na Mwende alijua tangu asubuhi kwamba anaondoka. Mchezo ule ulikuwa kwaheri yake.

Jioni niliweka sahani yake mezani. Mama aliitazama, kisha akairudisha kabatini polepole.