Jembe la Msikiti na Kioo cha Radi

Bora niseme mwenyewe, maana hapa Makangale kila anayelisimulia jambo hili hulitia chumvi yake: ndiyo, ni mimi niliyemzulia mama yangu kifo, na yote kwa uvivu wa kurudi nyumbani kufuata jembe.

Nafundisha kemia. Wiki ile niliwaambia kidato cha tatu kwamba hakuna uhai bila fosforasi, lakini kabla uhai haujaanza karibu yote ilikuwa imefungika ndani ya mawe yasiyoyeyuka majini, na wataalamu wengine wanadhani radi ilisaidia, kwa sababu ikipiga mchanga huugeuza kioo, na ndani ya kioo kile huweza kuwamo chembe za madini adimu yaitwayo shraibasaiti, ambayo yakilowa huiachia fosforasi (muumba ni Mola, sisi tunauliza tu alitumia nini). Darasa zima likacheka. Nami kwa jeuri nikaapa kuwa Jumatatu nitawaletea kioo cha radi, nisipokileta wasiniite tena mwalimu.

Jumapili nikaelekea kwenye mnazi uliopigwa na radi, ubavuni mwa makaburi, na nilipofika msikitini ndipo nikakumbuka sina jembe. Ukutani yameegemezwa yale ya kuchimbia makaburi. Nikachukua moja bila kumwambia mtu, nikalitia begani, nikapita nalo katikati ya kijiji. Sasa kwetu jembe lile halitoki msikitini ila kuna maiti (nalijua hilo tangu utotoni, lakini akili yote ilikuwa kwenye shraibasaiti).

Sijachimba sana wakaja wanaume kama wanane, kimya, vichwa chini, wakanipokea jembe kwa upole wakaanza kuchimba wao. Nilifurahi, jamani, nikadhani elimu imewaingia. Nikawaeleza jinsi uhai ulivyoanza kwenye udongo na maji, nao wakaitikia kuwa ni kweli, ndiko tulikotoka na ndiko tutakakorudi. Mara kikatoka kipande cha kioo cha kijivu, kina tundu katikati, nikakibusu, wakatazamana kwa huruma. Hapo Mzee Faki, muadhini wetu, akaja na kijiti cha kupimia.

"Mwalimu," akasema taratibu, "Bi Riziki alikuwa mfupi. Huu urefu si wamtosha?"

Bi Riziki ni mama yangu.

Nilikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani. Nyumbani uani pamejaa wanawake wanalia, wali uko motoni, na anayelia kuliko wote ni mama mwenyewe! Alikuwa ametoka kupalilia muhogo, akapita njia ya nyuma, akakuta msiba kwake, na kwa kuwa nyumba ile tunaishi wawili tu, akajua aliyekufa ni mimi. Wenzake walikuwa wamejifunika kanga nyuso, hawakumwona. Aliponiona akapiga ukelele, wao wakamgeukia, wakatawanyika, mmoja akakimbilia ndani akatokea dirishani.

Basi watu wakarudi mmoja mmoja, nikaomba radhi mpaka sauti ikakauka, na wali ukaliwa kwa vicheko. Mama akataka kuona hicho nilichomfishia. Nikamweleza. Akakigeuzageuza.

"Hiki ndicho kilichompa ntu uhai wa mwanzo?" akauliza. "Mbona mie kimeniua?"

Alikula kwa mkono mmoja, wa pili kaushika wangu, hakuuachia mpaka sinia likaisha. Tangu siku ile nimeapa: jembe la msikiti siligusi tena ila kwa shughuli yake, na shughuli hiyo naomba ichelewe sana.