Nilipopelekwa Kwenye Tangi la Maji

Kila ninapofungua ndoo ya dawa ya maji, ile harufu kali ikinipanda puani, huwa narudi Kanazi, kwenye likizo yangu ya darasa la sita. Ni miaka ile wakimbizi walipoijaza Ngara hata vilima vikageuka rangi ya maturubai.

Mama alikuwa ameshaamua kwamba nitakuwa muuguzi. Mdogo wake, mama mdogo Sesilia, aliuguza katika zahanati ya kambi ng'ambo ya bonde, na gauni lake jeupe lilimnyamazisha mama, ambaye hakunyamaza hata mbele ya padri. Likizo ilipofika akanikabidhi kwake. "Nenda ukaone kazi yako," aliniambia, akinipaka mafuta usoni mpaka nikang'aa.

Siku ya kwanza nilishika bakuli huku mama mdogo akisafisha kidonda cha mguu. Nakumbuka usaha, kisha nakumbuka paa la turubai. Siku ya pili nilianguka tena, na bakuli juu yangu. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyenipepea.

Siku ya tatu mama mdogo alinishika mkono, akanipeleka nje hadi kwenye tangi la maji. "Kaa hapa na Mzee Bigirimana." Nikaangua kilio. Nilijua nimefukuzwa.

Mzee huyo alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mtunza pampu na mabomba. Nilimpa shikamoo katikati ya kwikwi. Kirundi chake na Kihangaza chetu havikuhitaji mkalimani. Aliniacha nilie mpaka nikachoka, kisha akaniambia nilaze sikio kwenye bomba.

"Urumva?" Unasikia?

Nilisikia maji yakikimbia, na ndani yake mluzi mwembamba. Niliufuata nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi jekundu, hadi ulipozidi kuliko kote. Tukachimba. Maungio yalikuwa yamelegea, maji yakipotelea ardhini huku akina mama wamepanga foleni kwenye koki inayodondosha matone. Mzee akanipa spana, nikakaza kwa mikono miwili. Kule chini kwenye koki vikapigwa vigelegele.

Jioni nilifika nyumbani na tope mpaka kiunoni. "Fundi bomba?" mama aliuliza. "Msichana?" Hakunisemesha tena mpaka Jumapili, mdogo wake alipokuja kutusalimu.

"Dada, wagonjwa wangu wengi wanaletwa na maji machafu," mama mdogo alisema. "Mwache huyu awazuie huko huko wasinifikie."

Mama alilitazama gauni langu kwenye kamba. "Basi avae suruali. Sifui tena magauni ya tope."

Nimekuwa fundi wa maji hapa Biharamulo kwa miaka mingi sasa, na kazi hii bado haijanichosha. Siku moja nilimuuliza mama mdogo kwa nini alinifukuza zahanati. Alicheka.

"Nani alikufukuza? Ulipozinduka ile mara ya pili, hukuuliza habari za mgonjwa. Uliuliza kwa nini bomba la pale nje halitoi maji."

Mimi sikumbuki kabisa kuuliza hivyo. Yeye alisikia.