Kola Sitini kwa Saa

Kiwandani walimwita Umeme, kwa kuwa hakuna aliyeshona kola za mashati upesi kama yeye. Alilipenda jina hilo kuliko mshahara wake, ambao kwa kweli haukuwa na la kupendwa.

Meza ya pili alikaa dada yake, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akamfundisha hata kushika sindano. Macho ya dada yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Akizifikisha kola arobaini kwa saa, kiwango cha kiwanda, alimshukuru Mungu.

Siku moja meneja akaja na saa mkononi kupima kasi ya kazi. Wenye akili zao walijua la kufanya siku kama hiyo: uzi unakukatikia ovyo, na chooni unakwenda mara tatu.

"Mdogo wangu, leo punguza mwendo," dada alinong'ona bila kuinua kichwa. "Wakikuona unakimbia, tutakimbizwa sote."

"Dada nawe! Wakiniona, si wataniongezea mshahara? Halafu nani atakununulia miwani?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Umeme alishona sitini. Meneja akampigia makofi, akamvisha kofia yenye nembo ya kiwanda, na yeye akacheka mpaka jino la mwisho.

Mwezi uliofuata kiwango kikawa sitini kwa kila mtu, mshahara ukabaki palepale. Tajiri mwenye kiwanda akaitisha mkutano, akatangaza kwamba faida haijawahi kunona vile, "kwa jasho letu sote." Jasho kweli lilikuwa la wote. Faida ilipanda naye kwenye gari lake jipya, wakaondoka.

Umeme akaenda kudai nyongeza aliyojiahidi mwenyewe.

"Nyongeza ya nini?" meneja alishangaa. "Sitini si ndicho kiwango?"

Dada alijikamua, akaishia arobaini na tano. Wiki ya tatu meneja akamsimamia mezani.

"Mama, kusanya vitu vyako."

"Macho, bosi. Nipe muda kidogo."

"Mbona mdogo wako anaweza? Titi mlinyonya moja!"

Ukumbi mzima ukasikia. Umeme akainuka.

"Dada, nisamehe. Ngoja nikusindikize nje."

Dada alikuwa akifuta vumbi la nyuzi kwenye mashine isiyokuwa yake tena. Hakumtazama.

"Kaa chini," alisema. "Wanakuhesabia."

Umeme akakaa, akavuta kola nyingine.