Bloku Mbili za Shaba

Nilipohamia Voi kutoka Mata, nilikodi chumba nyuma ya duka la mabati, nikaanza kazi ya ufundi wa kompyuta. Wateja walikuwa wachache na wote walikuwa na haraka. Waliacha mashine, wakarudi kuzichukua. Kuna siku nilizungumza mara moja tu, mama aliponipigia simu kuuliza kama nimekula.

Joto la Voi ndilo lililoniingiza kwenye mambo ya kupoza kompyuta kwa maji, maana feni zilikuwa zikizungusha hewa ya moto tu. Nikaagiza bloku mbili kutoka Mombasa. Ni vipande vya shaba vya kutosha kiganjani, vinavyofungwa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ili maji yapite ndani na kubeba joto. Moja ilikuwa mpya, ya bei ghali; nyingine kuukuu, iliyotolewa kwenye mashine iliyokufa. Nilizipima, nikaandika kwenye jukwaa moja la mtandaoni kwamba mpya inaishinda kuukuu kwa nyuzi sita za joto. Watu wa nchi nisizozijua wakanipongeza. Nilizisoma pongezi zile tena na tena.

Kisha mmoja akauliza, "Chumba chako kilikuwa na joto gani kila ulipopima?"

Joto la chumba sikuwa nimelipima. Ile mpya niliipima asubuhi, paa likiwa bado baridi. Kuukuu niliipima saa nane mchana. Nilifikiria kunyamaza, kwani nani angejua? Lakini tangu siku hiyo kila nilipozifungua zile pongezi niliona aibu.

Jumamosi nikaanza upya. Pampu ilikuwa imeshika kasi niliposikia hodi. Alikuwa jirani yangu, mama mzee mshonaji, Mwislamu aliyekuwa akiishi peke yake upande wa pili wa ukuta. Mwaka mzima hatukuwa tumepita salamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, hiki kinachonguruma ukutani kwangu ni kitu gani?"

"Ni pampu ya maji. Samahani, naizima sasa hivi."

"Sijasema uizime. Nimeuliza ni nini."

Nikamweleza, pamoja na lile swali la mtandaoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akavuta stuli, akaketi. Nikampa kazi ya kusoma vipimajoto viwili, kimoja cha hewa ya chumba, kingine nilichotumbukiza kwenye tangi la maji, huku mimi nikitazama joto la prosesa kwenye skrini. Tulipomaliza bloku ya kwanza nikaifungua, nikafuta dawa ya kupitisha joto iliyopakwa kati yake na prosesa, nikapaka nyingine, nikaifunga tena.

"Mbona hiyo umeshaipima?"

"Labda nilipoifunga mara ya kwanza haikukaa sawa. Nitapima kila moja mara tatu."

"Ehe. Unafumua, unashona. Hiyo naijua."

Alasiri ikatukuta palepale. Alitoka kuswali, akarudi na chai. Hesabu zilipokamilika, nilipotoa joto la maji kwenye joto la prosesa, tofauti ya bloku zile mbili haikufika hata nyuzi moja. Nikazima pampu.

"Sasa utawaambia?" akauliza.

"Watanicheka."

"Wako wapi hao?"

"Sijui. Mbali."

"Basi watachekea hukohuko."

Nikaandika kwamba nilikosea, nikaweka vipimo vyote. Wawili walinidhihaki. Yule aliyeuliza alisema ahsante, wengine hawakusema kitu.

Baada ya hapo yule mama alikuja kila Jumamosi, pampu iwe inazunguka au isiwe. Hayo hayakudumu hata miezi mitatu. Magoti yakamzidi, binti yake akaja kumchukua kumpeleka Mombasa. Nilimbebea begi hadi stesheni ya treni. Alinishika mkono, akaniambia nioe, kisha akaingia ndani bila kugeuka.

Chumba chake sasa ni stoo ya saruji. Huwa ananipigia simu Ijumaa baada ya swala, tunaongea kuhusu wajukuu na bahari inavyomletea mafua. Kuhusu mashine hatusemi kitu. Akishakata, hubaki nimeshika simu kidogo, halafu naiweka mezani na kuendelea na kazi.