Si Tisa, Si Kumi

Shangazi Mina hakuhesabu watu. Alihesabu vitu vingine vyote: mayai, vifungo, vidato vya ngazi, siku zilizobaki kabla ya mvua. Lakini watu wakiwa mezani kwake, na yeye akitaka kujua atoe sahani ngapi, alinyoosha kidole na kunong'ona, "Si mmoja, si wawili, si watatu," mpaka afike mwisho. Kisha alikwenda jikoni na "si saba" yake kichwani, akarudi na sahani saba. Alisema jicho baya, linalomdhuru mtu anayehesabiwa, lina macho yake, halihitaji kusomewa orodha.

Wazee wetu wote walifanya hivyo. Wengi wetu tuliacha tulipoanza shule. Yeye hakuacha.

Jina lake kamili lilikuwa Wilhelmina Robles. Alikuwa mjane wa karani wa forodha na mshonaji wa sare za shule, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana na magoti mabovu. Aliishi katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili nyuma ya sinagogi letu sisi Wayahudi, kando ya mto, muda mrefu kiasi kwamba mgeni akiuliza sinagogi liko wapi, watu wa mjini walimwambia, "Nenda mpaka kwa Mina."

Kazi yake nyingine, ambayo hakuna aliyempa wala aliyemshukuru ipasavyo, ilikuwa mchanga. Sakafu ya sinagogi letu ni mchanga mweupe. Wako wanaosema ni kumbukumbu ya jangwa. Wengine husema babu zetu kule Ureno walimwaga mchanga ili majirani wasisikie hatua zao wakienda kusali kwa siri. Mina alipoulizwa alijibu, "Mchanga uko pale kwa sababu lazima mtu asumbuke."

Kila Ijumaa saa nane mchana, viazi vikiwa vimeshachemka na kuku wa Sabato yuko kwenye oveni, alichukua reki na kuingia. Alianzia mbele, penye kabati la Torati, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akifuta nyayo zake mwenyewe jinsi alivyokwenda. Alipotoka, mchanga ulikuwa laini kama shuka iliyopigwa pasi. Hapo aliketi kizingitini, akavua viatu na kusugua magoti. Jua likizama Sabato huingia na kazi imekwisha, na kusawazisha mchanga siku ya Sabato ni kazi, kwa hiyo nyayo zote za Ijumaa jioni na Jumamosi zilibaki pale pale mpaka Jumapili.

Jumapili asubuhi alikwenda kuzitazama. Hizo alizihesabu kwa namba kamili, bila woga.

"Nyayo si watu," aliniambia. "Wanaume tisa. Na Moritz bado anaburuza mguu wa kushoto, halafu anadai amepona."

Nyayo zake yeye hazikuwamo. Wanawake wa kwetu walipita mlango wa pembeni na kupanda ngazi ya mbao hadi roshani, wakasali wakitazama chini vipara vya wanaume. Mimi nilikuwa nikiketi kando yake kule juu. Zamani roshani ilijaa. Baadaye tulibaki yeye na mimi, na viti.

Tisa ni idadi mbaya kwetu. Wasipotimia wanaume kumi, gombo la Torati halitolewi kabatini, na kadishi, sala ambayo mfiwa humsomea maiti wake, haisomwi. Tisa wanaweza kusali kama mtu mmoja anavyosali peke yake chumbani, kisha warudi nyumbani.

Mina alikuwa na mtoto mmoja, Ruben. Ijumaa ya mwisho kabla hajasafiri kwenda Rotterdam kutafuta kazi, umeme ulikatika, wali ukaungua, na Mina, akiwa amechoka na ameghadhibika, alisimama mlangoni mwa jikoni na kusema kwa sauti, "Watano. Tuko watano, na sahani ni nne." Ruben alicheka. "Mama! Leo umehesabu!" Kila mtu alicheka. Miaka mitatu baadaye moyo wa Ruben ulisimama akiwa anapanda ngazi za kituo cha treni. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Walimzika huko huko.

Mina alikaa chini kwenye kigoda siku saba, kola ya gauni lake imechanwa, kama wafanyavyo wafiwa wa kwetu. Siku ya nane alikwenda kwa Bwana Daniel Abendanon, mzee wa sinagogi, kuomba kadishi isomwe. Mwezi ule wanaume walikuwa tisa.

"Tisa ni tisa, Mina," alisema Abendanon. Hakuwa mtu mbaya. Aliyageuza macho yake pembeni alipolisema hilo.

Ikawa hivyo miaka kumi na moja. Kila mwaka siku ya kifo cha Ruben ilipofika Mina aliwasha mshumaa, akapanda roshani, akatazama chini. Mara moja moja mgeni alipita mjini na kumi wakatimia, lakini kamwe si siku hiyo. Alishuka, akaenda kushona sare. Nilimwuliza kama haimuumi. "Inaumiza," alisema, "ila si leo tu."

Kisha Josua wa duka la dawa akawafuata wanawe Uholanzi, na wanaume wakabaki wanane. Jumamosi ile, Sabato ilipokwisha na nyota tatu kuonekana, tulikaa uani tukinywa maji ya tangawizi. Moritz de Parra, fundi wa injini za mashua, hakuweza kunyamaza.

"Daniel, mwaka ujao tutabaki wewe na mimi na paka."

"Paka hahesabiwi," alisema Abendanon.

"Paka angalau anakuja bila kubembelezwa. Na hawa je?" Alitunyooshea gilasi, Mina na mimi. "Hawa ni mapazia?"

"Babu zetu hawakuhesabu wanawake."

"Babu zetu walikuwa mia tatu! Tajiri wa kuku hahesabu vifaranga."

"Nitalifikiria."

"Ulianza kulifikiria nikiwa na meno yangu yote."

Watu walicheka. Mina aliweka gilasi yake chini. "Mimi msinihesabu," alisema.

Moritz alimgeukia. "Dada Mina, tangu nikujue hujakosa Sabato hata moja!"

"Nakuja kwa sababu silazimiki. Mkinihesabu nitalazimika, na magoti haya hayapendi amri. Mnaijua ile ngazi? Mnaijua mvua ya mwezi wa tano?"

"Tutakubeba."

"Wewe? Wewe mguu wako mwenyewe unauburuza."

Walicheka tena, na mambo yakaishia hapo. Lakini tulipokuwa tunaosha gilasi, mikono yake ikiwa majini, aliongea bila kunitazama.

"Mwanangu, asiyehesabiwa hapungui. Nikibaki kitandani Jumamosi, hakuna kinachoharibika. Hujui raha yake." Alisuuza gilasi moja mara mbili. "Halafu mara ya mwisho kuhesabu watu, nilimhesabu Ruben."

Nilitaka kumwambia kwamba moyo wa mtu hausimami kwa sababu ya sahani. Nimesoma, ningeweza kulieleza vizuri. Nilifuta gilasi.

Mwaka ule siku ya Ruben iliangukia Sabato yenyewe. Sikumkumbusha mtu. Moritz ndiye alikwenda kwa Abendanon Alhamisi na kukaa saa nzima barazani kwake. Sijui walisemezana nini. Nilimwona tu akitoka amekunja uso, kwa hiyo nikadhani ameshindwa.

Asubuhi ile joto lilikuwa kali. Feni ya sinagogi, ambayo huachwa ikizunguka tangu Ijumaa, ilikuwa imesimama. Abendanon mwenyewe aliizima Ijumaa mchana kwa mazoea yake ya kubana umeme, akasahau kuiwasha kabla ya mishumaa ya Sabato, na sasa hakuna aliyeruhusiwa kugusa swichi mpaka Sabato iishe. Wanaume waliitazama ile swichi ukutani kama watu wenye njaa wanavyotazama chakula cha jirani. Mina, kando yangu, alikuwa akijipepea kwa kitabu cha sala. Mshumaa wa Ruben alikuwa ameuwasha tangu jana yake, nyumbani.

Abendanon alisimama kwenye meza ya kusomea na kuanza kunyoosha kidole. "Si mmoja. Si wawili." Alikwenda polepole, ingawa hakukuwa na haja, wote tuliwajua. "Si saba. Si wanane."

Nilingoja afunge kitabu. Badala yake aliinua uso, akatazama roshani. Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye ndevu. Kidole kilinijia mimi.

"Si tisa," alisema.

Kisha kidole kikabaki hewani, kama cha mtu aliyesahau alikuwa anaelekeza nini.

"Mama Ruben," alisema.

Hakuna aliyemwita hivyo kwa miaka kumi na moja. Sote tulikuwa tumeliacha lile jina, kila mtu peke yake, kwa huruma. Mina aliacha kujipepea.

"Shuka," alisema Abendanon.

"Nasikia vizuri kutoka hapa."

"Najua unasikia. Shuka."

"Magoti, Daniel."

"Tutakusubiri. Haraka ya nini? Hata feni haizunguki."

Moritz alikohoa, nadhani alikuwa anazuia kicheko au kitu kingine. Mina alikaa. Nilimwona akiangalia mchanga kule chini, mchanga wake, uliokuwa na nyayo za wanaume wanane na si zake. Alikuwa ameushika ukingo wa roshani kwa mkono wa kulia. Nilijua anachokiogopa, na nilijua anachokitaka, na vyote viwili vilikuwa kitu kimoja. Hatimaye alisimama na kunipa mkono.

Tulishuka kidato kimoja kimoja, yeye akihesabu kwa sauti. Tulipofika chini alivuta pumzi na kuwaambia wote, "Kumi na viwili. Vidato vinahesabika." Kisha akaingia mchangani na viatu vyake vya Sabato, akasimama.

Abendanon hakumnyooshea kidole. Aliinamisha kichwa tu.

"Si kumi," alisema.

Kadishi aliisoma Mina mwenyewe. Hakufungua kitabu. Alikuwa ameisikia kutoka juu tangu utoto, ikisomewa maiti za watu wengine, naye aliisoma kama anavyosoma vipimo vya sare, wazi na bila pambo, na sisi tukaitikia amina pale inapoitikiwa. Hakulia. Alipomaliza alibaki amesimama, kama anayesubiri sehemu inayofuata.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha," alisema Abendanon.

"Miaka kumi na moja," alisema Mina. "Kumbe ni fupi hivyo."

Walimpisha kwenye benchi la mbele. Gombo la Torati lilitolewa, mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na kabla Abendanon hajafika katikati ya somo, Mina alikuwa amelala, kidevu kifuani, mikono mapajani. Hakuna aliyemwamsha. Moritz alishusha sauti ya kuitikia kwake, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa ajili ya mtu yeyote.

Baadaye nilimwuliza Abendanon kilichombadilisha. Nilitarajia hoja, kwa maana ni msomaji. "Nilichoka," alisema. "Nilichoka kusema tisa ni tisa. Usinitafutie sababu kubwa."

Tangu siku hiyo Mina alilazimika, kama alivyosema. Alikuja mvua ikinyesha, alikuja miguu imevimba, kwa fimbo, kisha kwa fimbo mbili. Alilalamika njia nzima. "Mmenifunga kamba kama mbuzi," alimwambia Moritz. "Zamani nilikuwa mtu huru." Lakini Jumapili alipokuja kuangalia nyayo, nilimwona mara moja akisimama juu ya alama ya kiatu chake mwenyewe na kuitazama.

Reki alinikabidhi mimi mwaka wa pili, kiuno kilipokataa. Aliketi kizingitini na kunisimamia. "Kinyumenyume! Unafanya nini? Utakanyaga ulikosawazisha." Nilirudia mara tatu kabla hajaridhika, na hata hapo hakuridhika, alichoka tu.

Alifariki Sabato moja ya mwezi wa tano, mchana, mvua ikinyesha, akiwa usingizini. Tulimzika Jumapili. Tulipokusanyika kusoma kadishi yake, Abendanon alinyoosha kidole, akafika kwangu na kusema si tisa, na kidole kikabaki hewani. Mpaka leo hatujatimia. Mchanga nausawazisha kila Ijumaa.

Nilimwona mara ya mwisho jioni ya Ijumaa, siku moja kabla hajafariki, jua likiwa bado juu ya mto. Nilimpelekea supu, nikawasha feni yake na kuhakikisha nimeiacha inazunguka. Miguu yake ilikuwa juu ya mito miwili. Aliniuliza kama nimefika pembeni kwenye kabati la Torati, ambako mchanga hujikusanya. Nikasema nimefika. Akaniuliza kesho tutakuwa wangapi.

"Bila wewe, Shangazi, si tisa," nilisema. Halafu nikaona aibu, kwa sababu ilisikika kama ninamdai.

Alifumba macho. Nilidhani amelala, nikachukua bakuli na kwenda mlangoni.

"Basi hesabuni mpaka si tisa," alisema nyuma yangu, "mkae kimya kidogo, halafu mwende mkale."