Siku Bata Alipobaki Kisimani

Wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi la fundi simu mjini Kahama nikisubiri kioo kipya, mara kompyuta kuukuu iliyokuwa mezani kwake ikaanza kuunguruma. Feni yake ilikuwa imechoka. Ilikoroma, ikakohoa, ikanyamaza kidogo, kisha ikakoroma tena, kama mzee mwenye mafua aliyelala chali. Fundi aliipiga kofi la ubavuni ikatulia. Lakini mimi nilikuwa nimeshaondoka Kahama. Nilikuwa Maganzo, mtoto wa miaka kumi, nimekaa kwenye mkeka mbele ya kompyuta ya shangazi Minza, na pua yangu imejaa harufu ya michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, iliyochemshwa na karanga.

Shangazi Minza, dada mdogo wa baba, alikuwa fundi cherehani. Alimaliza kidato cha nne, na mtaani kwetu ni yeye peke yake aliyeweza kusoma Kiingereza huku akicheka. Kompyuta aliachiwa na mchumba wake aliyekwenda Geita kutafuta dhahabu, akapata mke. Shangazi alilia siku chache, kisha akaiwasha aone ameachiwa nini. Akakuta gemu.

Si gemu ya mpira wala ya kupigana. Ilikuwa hadithi ya vituko, iliyokatwa vipande kama mchezo wa redio. Kunguru mmoja mnene asiyeweza hata kuruka, mpelelezi asiyejua kupeleleza, alizunguka mji na msaidizi wake bata wakitafuta kengele ya mji iliyoibwa. Mchezaji aliokota vitu, akavitumia mahali visipotarajiwa, na kila walipokutana na mtu, chini ya skrini yalitokea maneno manne ya kuchagua. Ukichagua vibaya, kunguru aliaibika. Mara nyingi tulichagua vibaya kwa makusudi.

Kila Jumapili alasiri shangazi alifungua mlango wa chumba cha cherehani na watu wakajaa: wachimbaji wa almasi na vumbi lao jeupe, akina mama wenye watoto mgongoni, madalali wa mawe. Shangazi alishika kipanya na kututafsiria papo hapo, kwa sauti tofauti kwa kila mhusika. Kunguru alimpa Kiswahili cha ofisa aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam. Bata akampa lafudhi ya mzee wa Kisukuma aliyeleta ng'ombe mnadani. Bata huyo aliweza kuvunja mlango wa majambazi, akasimama katikati ya bunduki zao na kusalimia, "Mwangaluka!" Chumba kizima kilimjibu, "Mwangaluka mhola!" Na hatari ilipozidi, alimgeukia kunguru na kuuliza swali lake lilelile: "Bosi, kwani tumeshakula?"

Aliyempenda bata kuliko wote alikuwa Baba Limi, mchimbaji, baba wa rafiki yangu. Alicheka kwa mwili mzima mpaka benchi likalia. Watu wengine walikuja kumtazama yeye akicheka.

Halafu masika yale, duara walilokuwa wakichimba, yaani lile shimo lao, liliporomoka. Baba Limi alikuwa chini kabisa. Aliwafunga wenzake kamba mmoja baada ya mwingine wakavutwa juu, na wa mwisho kutoka alikuwa Mhoja, rafiki yake. Kamba iliporudi chini, hapakuwa tena na wa kuishika.

Baada ya msiba, benchi la Baba Limi halikukaliwa na mtu. Wala hakuna aliyemtaja. Mhoja, ambaye zamani alikula kwao kama kwake, kila akimwona Mama Limi njiani alimkwepa, akapita nyuma ya nyumba za watu. Jumapili ziliendelea, tukacheka, na mimi nikadhani mambo yamekwisha.

Sehemu ya mwisho ya gemu ililetwa kwa flashi na dereva wa lori kutoka Mwanza. Shangazi alikuwa na desturi ya kuicheza kwanza peke yake, aandae maneno. Jumamosi ile nilimkuta amekaa mbele ya skrini iliyozimwa, mkono mdomoni. Hakuniuliza nimetoka wapi. Alijitanda kanga, akaniambia nimfuate, tukaenda kwa Mama Limi.

Tulimkuta uani anabangua karanga na Limi. Shangazi alimsalimia, akakaa kwenye kigoda, akahangaika na pindo la kanga yake.

"Mama Limi, ile hadithi ya kesho ndiyo ya mwisho," alisema. "Bata anabaki kisimani. Anamfunga kunguru kamba, kunguru anavutwa juu, kisima kinafukiwa. Naweza kubadilisha. Watu hawajui Kiingereza, naweza kusema amesafiri."

Mama Limi aliendelea kubangua. Limi aliniangalia, nami nikaangalia kuku.

"Huyo bata," Mama Limi akauliza mwishowe, "wenzake wanamtaja? Au wakishamfukia wanaendelea na safari?"

"Kunguru anarudi pale kisimani. Anasimama."

"Basi usibadilishe. Nitakuja."

Siku ya pili alikuja kweli, amemshika Limi mkono. Alipita katikati ya watu akaenda kukaa kwenye benchi la mumewe, pembeni kidogo, kama vile anamwachia mtu nafasi. Mhoja alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona anageuka kuondoka, lakini waliokuwa nyuma yake walikuwa wengi.

Nusu ya kwanza tulicheka mpaka tukaumia. Bata alijifanya padri, akambatiza mlinzi kwa supu. Kengele ya mji ikapatikana kisimani, wawili wale wakashuka. Kisha kuta zikaanza kudondoka. Bata akamzungushia kunguru kamba kiunoni, na shangazi, kwa sauti ile ile ya mnadani lakini polepole, akasema, "Bosi, wewe tangulia. Mimi sijashiba bado."

Hakuna aliyecheka. Kunguru akavutwa juu, na vumbi likajaa skrini.

Athumani, dalali wa mawe kutoka Tanga, ndiye aliyeanza kuhukumu. Kila Jumapili alitoa hukumu yake kama mpishi wa harusi. "Sehemu ya tatu ilikuwa tamu," alisema. "Hii wameitia shubiri. Mtu unaahidiwa pilau, unaletewa mwarobaini?"

"Acha, imetulia hii!" mama mmoja akamjibu. "Wewe unataka kucheka tu, kwani una meno mapya?"

Wakagawanyika pale pale, kama Bagalu na Bagika, wale mahasimu wa ngoma za Kisukuma, wakiwa uwanjani, kila upande unazomea wenzao. Wengine walisema waandishi wamekosa adabu, wengine kwamba sasa ndiyo wameandika. Ndipo Mhoja akapiga kelele kupita wote.

"Zima hiyo takataka! Uongo mtupu! Yule kunguru angeweza kurudi! Angeikata ile kamba akarudi! Aliyeandika hajui chochote!"

Mishipa ya shingo ilimsimama. Mimi nilimwona mjinga. Nilijisemea, mtu mzima mzima analilia katuni.

Mama Limi hakugeuka. "Shemeji Mhoja," alisema, "asingeweza kurudi. Angekufa na yeye, na mwenzake angekuwa amefunga kamba bure. Njoo ukae."

Chumba kilifungua njia. Mhoja alipita akiwa amekunja kofia mkononi, akakaa kwenye nafasi ile iliyoachwa wazi. Kwenye skrini kunguru alikuwa amesimama peke yake kando ya kisima kilichofukiwa, na chini yake mistari minne ikisubiri. Siku nyingine tungekuwa tunapiga kelele, sema hivi, sema vile. Siku ile hakuna aliyethubutu kumchagulia kunguru maneno.

"Chagua wewe, shemeji," Mama Limi alisema.

Mhoja aliangalia mikono yake. "Amwambie asante," alisema. Sauti ilikuwa ndogo mno, shangazi akalazimika kuinama.

Shangazi akabonyeza. Akavuta pumzi, na kwa Kiswahili kile cha ofisa kilichokuwa kikituchekesha siku zote, akasema, "Asante, bata. Asante sana, rafiki yangu."

Mhoja alilia. Mama Limi naye akalia, kisha akaanza kusimulia jinsi mumewe alivyomwiga bata nyumbani kila akichelewa kupewa ugali, na watu waliokuwa wakitukanana wakaanza kucheka na kupangusa macho. Jina la Baba Limi lilitajwa mle ndani mpaka jua likazama. Msimu wa kulima ulipofika, Mhoja alionekana kwenye shamba la Mama Limi tangu asubuhi, na alikula pale.

Kwa miaka mingi niliikumbuka siku ile kama siku watu wazima walipogombana juu ya gemu. Ilinibidi niwe mtu mzima, na nizike wangu, ndipo nikajua kwamba Mhoja hakuwa anamlaumu mwandishi. Alikuwa anatafuta mahali pa kusemea kitu ambacho hakuna aliyemuuliza.

Nilipotoka kwa fundi jioni ile niliitafuta gemu hiyo mtandaoni kwa kompyuta yangu ndogo. Nikaona wachezaji wa nchi za mbali nao walikuwa wamebishana vile vile: wengine wanalalamika kwamba mwisho haukuwa na ucheshi, wengine wanakiri walilia. Nikaicheza hadi kisimani. Mistari minne ikatokea, na safari hii niliweza kuisoma. Wa kwanza ulikuwa mzaha kuhusu supu. Wa pili ulihusu mvua. Wa tatu ulihusu kengele. Wa nne ulikuwa nukta tatu tu. Nilipoubonyeza, kunguru aliinamisha kichwa, akaondoka bila neno.

Nilimpigia shangazi, ambaye sasa anavaa miwani na bado anashona. "Shikamoo shangazi. Pale kisimani, kunguru hakusema asante. Hakusema chochote."

"Marahaba mwanangu," alijibu, na nikasikia cherehani ikisimama. "Yule wa kwao hakusema. Wa Maganzo alisema."