Habari Niliyompelekea Baba

Maziwa yaliyochacha yana harufu isiyotoka nguoni hata ufue kwa majivu. Baba alirudi nayo kutoka Mbarara kila mwisho wa mwezi, kwenye ovaroli yake ya kiwanda cha maziwa, nasi watoto tuliipenda kwa sababu ilifuatana na sukari. Mwaka nilipotimiza miaka kumi biashara ya maziwa iliharibika, kiwanda kikapunguza watu, na Baba akarudishwa kwetu Nakivale, kambi ya wakimbizi, na ahadi tupu kwamba wataitwa tena. Hapo nyumba yetu ikakosa utulivu. Alianza kupalilia mahindi akaacha mstari katikati, akaenda Base Camp, kituo kikuu cha kambi, kuwauliza madereva waliotoka mjini, akarudi, akaenda tena. Mama alimwambia subira huvuta heri. Baba akajibu kwamba hiyo heri haijui njia ya Nakivale.

Hata mimi niliambukizwa ugonjwa huo wa kutega masikio. Siku moja sokoni nilimsikia dereva wa lori akisema kiwanda kinaita watu. Sikuuliza watu gani. Nilikimbia hadi nyumbani, kandambili mkononi. “Papa, banaita batu ku kiwanda!” Kesho yake ilikuwa siku ya kuhesabiwa: kila aliyeandikwa kwenye karatasi ya familia alipaswa kusimama mbele ya karani, la sivyo jina lake lilifutwa na posho yake ikakoma. “Papa Neema, ukikosa bataondoa jina yako,” Mama alimwonya. “Ntarudia mbio,” akasema Baba, akaondoka alfajiri. Kwenye geti la kiwanda, alivyotusimulia baadaye, askari alimtazama tu. “Mzee, wewe rudi nyumbani. Tunaita watu ya mashini peke yake.” Baba alikuwa mbeba madumu. Alipofika Base Camp jioni, makarani walikuwa wameshakunja meza zao. Asiyekuwepo na lake halipo.

Tangu siku hiyo posho ya watu watano tuliila sita. Baba alipakua wa mwisho, akidai ameshiba, nami nilipomwona anakwangua sufuria nilijiona mwizi. Jina lake lilirudishwa baada ya mavuno mawili. Sasa mimi mwenyewe nafanya kazi kiwandani Mbarara, na tetesi za kupunguzwa hazituishii. Ikija habari njema, naiuliza mara tatu kabla ya kumwambia mtu, na wenzangu wananiita mchoyo wa furaha. Baba hakunilaumu hata siku moja. Laiti angenilaumu, ningepata pa kuanzia kumwomba msamaha.